Baiskeli Katika Nchi ya Milima Elfu: Historia ya Mbio za Barabarani Rwanda

Mbio za baiskeli nchini Rwanda zimekua juu ya barabara zilezile ambazo wakulima na wachukuzi wamezipanda na kuzishuka miaka nenda miaka rudi wakiwa na viazi, ndizi, kahawa na maziwa. Mashindano ya kuizunguka nchi yalianza mwaka 1988, yakakatizwa na vita na mauaji ya kimbari, yakarejea 2001, yakaingia katika kalenda ya kimataifa 2009. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa Mashindano ya Dunia ya mbio za barabarani. Orodha ya mabingwa peke yake haitoshi kueleza mwendo huo. Nyuma ya mabingwa kuna ardhi yenye vilima visivyokwisha, barabara zilizochongwa ubavuni mwa vilima hivyo, na watu ambao baiskeli iliwapa riziki kabla ya kuwapa medali.

Ardhi na barabara zake

Rwanda ina ukubwa wa kilomita za mraba 26,338 tu, lakini sehemu tambarare ndani yake ni chache, nyingi zikiwa upande wa mashariki. Magharibi kuna safu ya milima inayotenganisha mabonde ya Kongo na Naili. Mvua inayonyesha upande mmoja wa safu hiyo hutiririka hadi Bahari ya Atlantiki, na inayonyesha upande wa pili huishia Mediterania. Kaskazini-magharibi zimesimama volkano za Virunga, na Karisimbi, iliyo ndefu kuliko zote, hufikia mita 4,507. Kigali iko takriban mita 1,560 juu ya usawa wa bahari. Hata ufuo wa Ziwa Kivu, ambako mwendesha baiskeli huona kwamba ameshuka hadi chini kabisa, uko mita 1,460.

Kimo hicho kina uzito wake katika mchezo huu. Penye mita 1,500, kanieneo ya hewa hupungua kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na pwani, na kila pumzi hubeba oksijeni kidogo zaidi. Aliyezaliwa na kukulia huko mwili wake umeshazoea. Anayetoka nchi za chini huhitaji siku kadhaa, pengine wiki, kabla miguu haijaacha kuwa mizito.

Barabara kuu hufuata umbo la ardhi. Ile ya kwenda Musanze hutoka Nyabugogo, kwenye kituo kikubwa cha mabasi cha Kigali, hushuka hadi Mto Nyabarongo, kisha huanza kupanda Shyorongi kona baada ya kona. Baada ya hapo hushuka na kupanda tena mpaka kwenye udongo mweusi wa volkano. Kutoka Musanze kwenda Rubavu hupita kwenye mashamba ya viazi na pareto chini ya volkano, halafu huporomoka kuelekea ziwani. Kusini-magharibi, barabara ya kutoka Huye kwenda Rusizi huacha mashamba ya chai ya Kitabi na kuingia katika msitu wa Nyungwe, mmojawapo wa misitu mikubwa ya milimani iliyobaki katika ukanda huu. Msitu huo una eneo la takriban kilomita za mraba 1,000, ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Ndani yake barabara hupita chini ya miti mirefu kwa makumi ya kilomita bila kijiji njiani. Ukungu hushuka ghafla, lami hubaki na unyevu hata mchana, na mbega huvuka kutoka tawi hadi tawi juu ya vichwa vya wapitao. Upande wa pili msitu hukatika pale mashamba ya chai ya Gisakura yanapoanza, na kutoka hapo njia huelekea Kivu.

Kiungo cha mwisho cha mtandao huo kilikuwa barabara inayofuata ufuo wa ziwa kutoka Rusizi kupitia Karongi hadi Rubavu. Kwa miaka mingi sehemu zake kubwa zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Ilitiwa lami kwa awamu katika miaka ya 2010, na kwa kukamilika kwake magharibi yote ya nchi ikafunguka kwa mashindano ya baiskeli za barabarani.

Baiskeli ya mzigo

Baiskeli iliingia Rwanda wakati wa ukoloni na ikaenea vijijini polepole, kwa sababu ilikuwa ghali na vilima vilikuwa vikali. Iliyokuja kuzoeleka zaidi ni ile nzito ya chuma isiyo na gia, yenye keria imara nyuma, inayofahamika vilevile kote Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi. Mijini na kwenye vituo vya biashara hubeba abiria, na waendeshaji wake huitwa abanyonzi. Vijijini hubeba kila kitu.

Kazi ya mchukuzi wa viazi inaonyesha jinsi mlima unavyomfundisha mtu. Magunia hupakiwa juu ya keria na kufungwa kwa vipande virefu vya mpira vilivyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Kwenye mwinuko mchukuzi hushuka akasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo, mwili umeinama mbele, akienda hatua fupi fupi ili pumzi isimwishie. Kwenye mteremko hupanda na kuiachia baiskeli. Hapo akili yote huwa kwenye breki na kona inayofuata, kwa kuwa mzigo wenye uzito unaouzidi wa kwake unamsukuma kutoka nyuma na hautaki kusimama. Mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana hujua kwa miguu na mikono mambo ambayo kocha huhitaji miaka kuyafundisha: kugawa nguvu, kuchagua njia ndani ya kona, na kuvumilia.

Asiyeweza kununua baiskeli ya chuma alijitengenezea ya mbao. Igicugutu, kama kinavyoitwa kwa Kinyarwanda, ni chombo cha magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa ukanda wa mpira, kisicho na pedali wala mnyororo. Mwendeshaji huweka goti au mguu mmoja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine. Mteremko ukianza, hujiachia. Breki yake ni kipande cha mpira kinachobanwa kwenye gurudumu la nyuma. Katika maeneo ya kaskazini na magharibi vyombo hivi vimeshusha mazao na kuni kutoka vilimani hadi sokoni kwa vizazi kadhaa.

Mashindano ya kwanza

Mbio za kuizunguka Rwanda, zinazojulikana kwa jina la Kifaransa Tour du Rwanda, zilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1988, na mshindi wake alikuwa Célestin Ndengeyingoma. Zilikuwa mbio ndogo za waendeshaji wa nyumbani na wa nchi jirani. Vifaa vilikuwa haba, magari ya msaada machache, na sehemu nyingi za njia hazikuwa na lami.

Hazikupata muda wa kukua. Vita vilianza Oktoba 1990, na mwaka 1994, kati ya Aprili na Julai, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza watu wanaokadiriwa kuwa kati ya laki nane na milioni moja. Barabara za milimani ziligeuka mahali pa vizuizi na vifo. Wanamichezo waliuawa, waliokoka walikimbia au kubaki bila ndugu, na vilabu vilisambaratika. Historia ya mchezo huu baada ya hapo ni sehemu ya historia ya watu waliolazimika kuanza maisha upya.

Mbio zilirejea mwaka 2001. Jina lililotawala miaka hiyo ni Abraham Ruhumuriza, aliyetwaa ubingwa mara tano. Hata hivyo ushindi wake haukuvuka mipaka ya kanda. Mwendeshaji hodari wa Rwanda hakuwa na baiskeli ya kisasa, kocha wa kudumu, wala nafasi ya kupambana na waendeshaji wa mabara mengine.

Kahawa, mbao na timu

Mabadiliko yalitoka mahali pasipotarajiwa. Mwishoni mwa 2005 Tom Ritchey, fundi mashuhuri wa fremu za baiskeli kutoka California, aliitembelea Rwanda na kuona jinsi wakulima wa kahawa wanavyohangaika. Kahawa mbivu ikishachumwa lazima ifike kwenye kituo cha kuoshea ndani ya saa chache, kwa kuwa ikichelewa huanza kuchacha na bei hushuka. Wakulima wengi waliibeba kichwani au kwa baiskeli zisizofaa. Ritchey alibuni baiskeli ya mzigo yenye fremu ndefu, gia na breki madhubuti, ya kubeba zaidi ya kilo 100 katika vilima.

Ili kuitangaza kazi hiyo, Septemba 2006 yaliandaliwa mashindano mjini Butare, mji ambao sasa huitwa Huye, yaliyoshirikisha baiskeli za mbao pamoja na za kawaida. Ritchey alikuja na rafiki yake Jonathan Boyer, anayejulikana zaidi kama Jock, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981. Wageni hao walishangazwa na kasi ya vijana waliopanda vilima kwa vyuma vizito. Boyer alirudi mwaka 2007 kuwa kocha, na huo ukawa mwanzo wa Team Rwanda. Katika kikosi cha kwanza walikuwamo Ruhumuriza, Adrien Niyonshuti, Rafiki Uwimana, Nathan Byukusenge na Nyandwi Uwase.

Baadaye kambi ya timu iliwekwa Musanze, chini ya volkano, na uchaguzi wa mji huo ulikuwa na sababu za wazi: hewa ya baridi, kimo cha kujenga mapafu, na barabara ambazo hupanda upande wowote mtu anaoelekea. Kazi ya kambi ilipita mazoezi. Vijana wengi walifika wakiwa na lishe duni, bila Kiingereza wala elimu ya kutosha, wengine wakiwa na majeraha ya moyoni ya mwaka 1994. Walipewa chakula, matibabu na masomo pamoja na ratiba ya mazoezi. Boyer aliondoka mwaka 2017, baada ya takriban miaka kumi.

Wawili wanaonyesha vizuri mchezo ulikotoka. Gasore Hategeka alikulia Sashwara, kwenye barabara ya kutoka Musanze kwenda Rubavu, na alikuwa akijitafutia riziki kwa kusafirisha viazi kwa baiskeli kabla ya kuingia katika timu. Niyonshuti, wa Rwamagana upande wa mashariki, alipoteza ndugu zake sita katika mauaji ya kimbari. Alipata mkataba na timu ya kulipwa ya Afrika Kusini, akafuzu Olimpiki ya London 2012 katika mbio za baiskeli za milimani, akabeba bendera ya taifa kwenye ufunguzi, na akamaliza wa 39. Katika mchezo unaohesabu medali tu nafasi hiyo ni ndogo. Kwa vijana wa Rwanda ilikuwa ushahidi kwamba njia ipo. Aliporudi nyumbani alianzisha shule ya baiskeli Rwamagana ili wadogo zake wasianze kutoka sifuri kama yeye.

Ngazi ya kimataifa

Mwaka 2009 Tour du Rwanda ilitambuliwa rasmi na Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI), na ushindi wa mwanzo wa kipindi hicho ukaenda kwa Adil Jelloul wa Morocco. Mwaka uliofuata alishinda Daniel Teklehaimanot wa Eritrea, ambaye mwaka 2015 alivaa jezi ya madoadoa ya mfalme wa milima kwenye Tour de France. Baada yao walitwaa Mmarekani mmoja na Waafrika Kusini wawili. Kwa miaka mitano mfululizo Wanyarwanda waliandaa karamu na wageni wakaondoka na kombe.

Novemba 2014 mambo yaligeuka. Valens Ndayisenga, kijana aliyezaliwa 1994, alishinda mbio za nchi yake miaka ishirini baada ya mauaji ya kimbari. Maelfu ya watu walijipanga pembezoni mwa barabara, kuanzia watoto wa shule hadi wazee waliotoka mashambani na majembe begani. Jean Bosco Nsengimana alishinda 2015, Ndayisenga tena 2016, Joseph Areruya 2017 na Samuel Mugisha 2018. Areruya aliongeza ubingwa wa La Tropicale Amissa Bongo nchini Gabon mapema 2018, mbio ambazo wakati huo zilihesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa Afrika, na mwaka 2019 alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa Paris–Roubaix.

Mbio za hatua katika nchi ya namna hii zina mantiki yake. Kwenye barabara tambarare kundi hukaa pamoja, wa nyuma wakijikinga na upepo migongoni mwa wenzao, na mara nyingi mshindi hupatikana kwa kasi ya mita za mwisho. Mlimani kinga hiyo hupungua, maana mwendo ni mdogo na adui mkubwa ni uzito wa mwili wenyewe. Kundi hukatika vipande, wadogo wenye miili myepesi huchomoka, na sekunde alizopoteza mtu kwenye mwinuko mmoja humfuata wiki nzima. Mteremko nao una hukumu yake. Anayeogopa kona zenye unyevu huachwa, na anayekosea hutoka nje ya barabara. Ndiyo maana hatua za kuelekea Musanze, Karongi na Rubavu mara nyingi huamua jezi ya njano ya kiongozi kabla waendeshaji hawajarudi Kigali.

Kigali yenyewe ina mlima wake wa hukumu. Kwa Mutwe, upande wa Nyamirambo, kuna barabara fupi ya mawe yenye urefu wa takriban mita 400 na mwinuko wa wastani wa asilimia 11. Jirani yake, Biryogo, ndiko walikoishi Waswahili wa Kigali tangu enzi za ukoloni, na Kiswahili bado husikika barazani humo. Siku ya mashindano watazamaji hujaa pande zote mbili na hata juu ya mapaa, wakiacha uwazi unaotosha baiskeli moja au mbili. Magurudumu huteleza kwenye mawe, waendeshaji husimama juu ya pedali, na asiyechagua gia mapema hulazimika kushuka akasukuma.

Mwaka 2019 mbio zilipandishwa daraja na kuhamia Februari. Timu kubwa za Ulaya zilianza kuja kujinoa mwanzoni mwa msimu, na mwaka 2023 alishiriki Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza mbio Kikuyu chini ya David Kinjah kabla ya kushinda Tour de France mara nne. Ushindani huo mpya uliwabana wenyeji. Kuanzia 2019 hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyetwaa ubingwa. Waeritrea Merhawi Kudus, Natnael Tesfatsion na Henok Mulubrhan walishinda mara nne kati yao, Natnael akichukua mara mbili, na mara nyingine ushindi ulikwenda Hispania, Uingereza na Ufaransa. Furaha kubwa ya wenyeji katika miaka hiyo ilikuwa mwaka 2022, Moise Mugisha aliposhinda hatua ya mwisho ndani ya Kigali.

Wanawake walichelewa kupewa nafasi, kwa kuwa kwa muda mrefu msichana juu ya baiskeli alitazamwa kwa mashaka vijijini. Jeanne d'Arc Girubuntu alivunja ukuta huo kwa kushiriki Mashindano ya Dunia ya 2015 huko Richmond, Marekani. Diane Ingabire alifuata kwa kusajiliwa mwaka 2022 na timu ya maendeleo ya Canyon-SRAM ya Ulaya, na Xaverine Nirere akawa miongoni mwa wanaoiwakilisha nchi mara kwa mara.

Mashindano ya Dunia 2025

Septemba 2021 UCI iliipa Kigali uenyeji wa Mashindano ya Dunia ya 2025. Mashindano hayo, yaliyoanza 1921, hayakuwa yamewahi kufanyika Afrika. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 shule za Kigali zilifungwa, barabara zikaachiwa baiskeli, na kwa mara ya kwanza wanawake walio chini ya miaka 23 wakapewa mashindano yao ya pekee.

Njia ya wanaume ilikuwa na kilomita 267.5 na jumla ya mwinuko wa mita 5,475, mojawapo ya njia ngumu kuliko zote katika historia ya mashindano hayo. Waendeshaji walizunguka mara nyingi duara lenye vilima vya Kigali Golf na Kimihurura, kisha wakapelekwa kwenye Mlima Kigali na ukuta wa mawe wa Kwa Mutwe. Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda. Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyekuwa ameshinda mbio dhidi ya saa siku chache kabla, alimaliza wa pili, na Ben Healy wa Ireland wa tatu. Kati ya walioanza zaidi ya 160, waliomaliza ni 30 tu. Kwa wanawake, Magdeleine Vallières wa Kanada aliwapiku waliopewa nafasi kubwa na kutwaa ubingwa.

Wanyarwanda hawakupanda jukwaa la medali, na sababu zinajulikana. Baiskeli moja ya mashindano hugharimu zaidi ya mapato ya miaka kadhaa ya mchukuzi wa viazi. Vijana hupata mbio chache za kiwango cha juu nje ya Februari, na viza ya Ulaya ni mlima mwingine. Milima, kimo na nguvu ya miguu Rwanda inavyo tangu zamani. Kinachohitajika ni vilabu vya wilayani, makocha wa kudumu, baiskeli nafuu na kalenda ndefu ya mashindano ndani ya Afrika. Eritrea imeonyesha faida ya kuwa na utamaduni wa mbio za kila wiki unaomfikia kijana wa kawaida. Rwanda nayo ina barabara nzuri, watazamaji wengi na uzoefu wa kuandaa mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo huu. Kuwageuza wachukuzi wa leo kuwa mabingwa wa kesho kutategemea uwekezaji utakaowafikia Sashwara, Kitabi na Rwamagana kwa kiwango kilekile kama ulivyoifikia Kigali.